Nyumba Isiyo na Mita

Nilisahihisha karatasi zile Jumamosi asubuhi, mezani kwangu, kwa kalamu nyekundu na rula fupi ya kufuatia mistari. Zilikuwa kumi na mbili. Swali lilikuwa moja tu: chora mpango wa stima wa nyumba ya chumba kimoja, yenye taa moja na soketi moja, kuanzia mahali stima inapoingia hadi mahali inapotumika. Swali la namna hiyo tulikuwa tumelifanya ubaoni mara tatu. Kila nilipomaliza niliuliza, "Tuko pamoja?" na darasa zima likajibu, "Tuko."

Karatasi ya kwanza haikuwa na mita. Mchoraji alikuwa amepitisha mstari kutoka nje, juu ya mlango, chini ya bati, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye balbu, na tawi moja likashuka kwenye soketi. Hapakuwa na mita, wala swichi kuu, wala fyuzi, wala waya wa ardhi. Nikaandika sifuri. Ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Ya tatu pia. Nilipofika ya sita niliacha kusahihisha, nikazipanga zote mezani katika safu tatu, nne nne, nikasimama kuzitazama kutoka juu. Zote kumi na mbili zilikosa mita. Katika tisa kati ya hizo, waya uliingilia pembe ile ile, juu ya mlango.

Kwa mtu aliyezoea kusahihisha, hilo lina maana moja. Mmoja alikosea, wengine wakamnakili bila kufikiri.

Nafundisha stima katika chuo kidogo cha ufundi hapa Kawangware. Tuna vyumba vinne, na changu ni cha chini, kinachotazamana na mama anayepika chapati. Wanafunzi wangu wengine wanatoka hapa hapa, hasa mtaa wetu unaoitwa Kongo. Wengine hutembea kutoka vijiji vya Kibera, Lindi na Kisumu Ndogo, karibu saa nzima kwa miguu. Muhula ule rejista ilikuwa na majina kumi na tisa. Waliokuja walikuwa kumi na wawili, na kuja kwenyewe kulikuwa kwa mashaka. Mmoja alilala kifudifudi juu ya dawati tangu saa mbili hadi saa nne. Wawili waligawana waya wa kusikilizia muziki, sikio moja kila mtu. Msichana mmoja wa Kisumu Ndogo alikaa karibu na dirisha na kuzitazama chapati zikigeuzwa, kwa makini ambayo ningefurahi kama angelipa somo langu hata robo yake. Na kulikuwa na kijana wa Kongo, mrefu, mwenye mdomo mwepesi, ambaye hakuwahi kuja na kalamu yake. Aliazima kalamu kila siku, na kila siku kutoka kwa mtu mwingine, kana kwamba alikuwa na ratiba.

Mimi mwenyewe sikusomea chuoni. Nilijifunza stima kutoka kwa kitabu kimoja kilichopoteza jalada, nikiwa na miaka ishirini na miwili, wakati nilipokuwa nikitengeneza pasi na redio kwenye kibanda. Kulikuwa na ukurasa mmoja, juu ya swichi mbili zinazowasha taa moja ya ngazini, ulionichukua miezi miwili kuuelewa kwa sababu sikuwa na mtu wa kumuuliza. Niliuchora kwenye makaratasi ya kufungia sukari. Niliujaribu kwa betri na balbu za tochi. Siku taa ilipowaka kwa swichi ya chini na kuzimika kwa swichi ya juu, nilitoka nje ya kibanda nikatafuta mtu wa kumwonyesha, nikampata muuza makaa, naye akaniambia amefurahi kwa ajili yangu. Mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza niliifanya baadaye, nikiwa tayari mtu mzima mwenye watoto.

Ndiyo maana hasira yangu ilikuwa na uchungu ndani yake. Kitu nilichokitafuta kwa miaka mingi, mtu wa kumuuliza swali, wao walikuwa naye mbele yao kila asubuhi, na hakuna aliyeuliza.

Muhula huo hasira yangu ilikuwa na tarehe ya mwisho pia. Prinsipo wetu, mama mpole anayesema maneno machache, alikuwa ameniita ofisini wiki moja kabla.

"Mwalimu," alisema, "mimi sina ugomvi na stima. Lakini darasa la kusuka nywele lina watu wanasimama kwa mlango. Wewe una viti vinavyokaa bure."

"Wanafunzi wangu hawataki kusoma, madam."

"Sijui wanataka nini. Mtahini anakuja mwisho wa muhula. Wakipita kumi, unabaki na chumba. Wakiwa tisa, nakipa nywele."

Kumi kati ya kumi na wawili. Nilikuwa na wiki saba, na karatasi kumi na mbili zenye sifuri.

Jumatatu niliingia darasani nikazibandika karatasi zote ukutani kwa gundi ya karatasi, mstari mmoja, zikitazama darasa. Sikusalimia. Nilingoja mpaka yule wa kulala akainua kichwa.

"Nataka kujua ni nani alianza," nilisema.

Walitazamana.

"Kuanza nini, ticha?" aliuliza kijana wa Kongo.

"Mmoja wenu alichora upuuzi, wengine kumi na mmoja mkaukopi. Nataka huyo wa kwanza. Wengine angalau niwajue kwa uvivu wao."

"Hakuna mtu amekopi."

"Karatasi kumi na mbili, kosa moja."

"Kosa gani sasa?"

Niligonga karatasi ya kwanza kwa rula. "Mita iko wapi?"

Kimya kilichofuata hakikuwa cha watu walioshikwa. Nimesimama mbele ya watu walioshikwa mara nyingi, nakijua kimya chao. Hiki kilikuwa kimya cha watu ambao hawajaelewa swali.

"Mita ya nini?" aliuliza mmoja nyuma.

"Ya stima. Mita ya nyumba."

Msichana wa dirishani aligeuka. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza niliuona uso wake wote. "Mwalimu, ulisema tuchore nyumba," alisema.

"Ndiyo. Nyumba."

"Si ndio hiyo?"

Kijana wa Kongo akacheka. "Ticha, wewe unasema nyumba kama ya wadosi, watu wa pesa. Mita ni ya landilodi. Iko kwa sitting room yake, nyuma ya kochi. Mimi hata sijawahi kuiona. Najua tu iko, juu ya vile akikasirika anazima ploti yote."

"Na sisi huko Lindi hatuna hata ya landilodi," alisema yule aliyekuwa amelala. "Yetu ni sambaza, ya kugawana. Inatoka kwa jamaa anayetuuzia, inapita kwa paa, inaingia."

"Inaingilia wapi?" niliuliza.

Alinitazama kama mtu anayeulizwa mlango uko upande gani. "Juu ya mlango. Kwani itaingilia wapi? Huko nyuma umepakana na jirani, na kando pia. Mbele tu ndio kuko wazi."

Nikageuka nikazitazama karatasi. Niliziona upya, moja baada ya nyingine. Katika zile tatu ambazo waya haukuingilia juu ya mlango, uliingilia juu ya dirisha, na nilipouliza ni za nani, wenyewe watatu walikuwa wanakaa nyumba za mwisho wa safu, zenye ukuta mmoja wa ziada ulio wazi. Hawakuwa wamenakili chochote. Kila mmoja alikuwa amechora nyumba yake, kwa usahihi, kutoka kwa kumbukumbu. Mimi ndiye niliyefeli mtihani wangu mwenyewe, kwa sababu nilitumia neno nyumba bila kuliangalia.

Na nyumba niliyokuwa nikiichora ubaoni kwa miaka mitatu ilikuwa ipi? Nilijua jibu kabla sijamaliza kujiuliza. Ilikuwa ile ya kitabu kisicho na jalada: sebule, korido, gereji, ngazi za kwenda juu. Nimeishi kwenye ploti za Kawangware, safu za vyumba vya kupanga, maisha yangu yote ya utu uzima. Mita ya kwanza iliyo yangu mwenyewe niliipata nikiwa na miaka arobaini. Lakini nilipopata elimu ya kitabu nilipata na nyumba yake, nikahamia humo kichwani bila kumwambia mtu.

Nilikuwa na furaha ile ile ya siku ya kibanda na muuza makaa. Nilifuta ubao wote.

"Wacheni hizo sifuri," nilisema. "Njoo uchore," nikampa chaki msichana wa dirishani. "Si nyumba yako peke yake. Chora laini yote, kutoka kwa huyo jamaa mpaka kwenu."

"Yote?"

"Yote."

Alichora nyumba saba kwa safu. Alichora kwa haraka, bila rula, na kwa kila nyumba alimtaja mwenyewe kwa kazi yake: wa cherehani, wa omena, fundi viatu, kanisa dogo ambalo siku za wiki ni nyumba, na kadhalika. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba. Akaandika karibu na nyumba ya kwanza "fiti," na karibu na ya mwisho "mbaya."

"Mbaya namna gani?" niliuliza.

"Ikifika saa moja jioni watu wote wanapika. Wewe weka maji ya ugali kwa koili ya kupikia. Kwa huyu wa cherehani inachemka. Kwetu hapana. Koili haiwi nyekundu, inabaki tu rangi ya kutu. Tunangoja watu wamalize kupika ndio sisi tuanze."

"Kwa nini?"

"Stima inafika ikiwa imechoka."

Darasa likacheka, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimetumia wiki mbili nzima kufundisha kushuka kwa volteji. Nilikuwa nimeandika fomula, nikaieleza, nikaieleza tena, nikatazamwa na macho ishirini na manne ya kioo. Na hapa alikuwa msichana aliyeisoma kwa maji ya ugali tangu utotoni, aliyeijua hata saa yake.

"Na ukitumia waya mnene zaidi kutoka kwa huyo jamaa?" niliuliza, na nilisikia sauti yangu imepanda.

"Haichoki sana," alisema kijana wa Lindi, yule wa kulala, ambaye sasa alikuwa amesimama. "Kwetu walibadilisha waya mwaka jana. Ikawa afadhali."

"Unene gani?"

"Sijui. Kama kidole cha mwisho, na ganda lake."

"Na kabla?"

"Kama spoku ya baiskeli."

Niliandika yote mawili ubaoni. Halafu nikaandika fomula ile ile ya wiki mbili zilizopita, pembeni, kimya kimya, na kijana wa Kongo akaitazama kwa muda akasema, "Kumbe hiyo ndiyo hiyo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Si ungesema." Akageukia jirani yake akaomba kalamu.

Saa nne ilipofika hawakutoka. Mama wa chapati aliniambia baadaye kwamba alifikiri tumepata msiba.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Kisumu Ndogo saa ya chakula cha mchana, saa ambayo koili nyingi zinawaka. Msichana alikuwa ameomba ruhusa kwa majirani. Niliwapa masharti mapema na nikayaandika ubaoni: hakuna anayepanda juu, hakuna anayefungua kitu, hakuna anayegusa waya. Tunapima kwenye soketi tu, kwa kipima umeme changu, na ninayekishika ni mimi. Niliwaambia pia waziwazi kwamba sikuja kuwafundisha kuunganisha stima ya namna ile. Stima ile imeua watu, na wao wanawajua waliokufa kuliko mimi.

Kwa wa cherehani kipimo kilisoma mia mbili na ishirini na nne. Kwa wa omena mia mbili na tisa. Kila nyumba mmoja wao aliandika, mwingine akahesabu hatua za waya. Walisukumana mlangoni ili waone namba. Katika nyumba ya tano mwanamke mmoja alitoka akasimama katikati ya kichochoro, mwiko mkononi.

"Nyinyi ni watu wa kukata stima?"

"Hapana, mama," nilisema. "Ni wanafunzi."

"Wanafunzi wa kukata?"

"Wa kupima tu, mama," alisema msichana wetu. "Huyu ni mwalimu wangu."

Mwanamke alinikagua kuanzia viatu. "Basi mwalimu apime na hii ukuta yangu, juu ya vile inauma."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kijana wa Lindi akanieleza bila mshangao wowote: kuna kuta za mabati zinazouma, hasa mvua ikinyesha. Ukizigusa zinakupiga. Wenyewe huweka kartoni upande huo, au kitanda, na watoto hufundishwa kutoegemea. Wanafunzi wanne kati ya kumi na wawili walisema wana ukuta wa hivyo, au jirani anao. Wote walisema "inauma," kama wangesema mbwa fulani anauma.

Niliweka ncha moja ya kipimo kwenye bati, nyingine kwenye msumari uliochomekwa kwenye udongo wenye unyevu karibu na mfereji. Volti tisini na sita. Nilimwambia mwanamke asiguse ukuta ule, wala watoto, na nikamwonyesha mahali waya ulipochubuka ukagusa bati. Alimtuma mtu amwite jamaa wa stima, ambaye alikuja, akazima kwake, akaufunga waya kwa utepe, akaniangalia kwa mashaka, akaenda zake. Nilipima tena. Sifuri. Mwanamke aligusa bati kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja, kisha akaegemea kwa mgongo mzima akatutazama.

"Basi pimeni na ile nyingine," akasema.

Kwenye nyumba ya mwisho, nyumbani kwa msichana, kipimo kilisoma mia moja hamsini na moja. Mama yake alikuwa ameweka sufuria ya maji kwenye koili tangu kabla hatujafika. Yalikuwa bado hayajachemka. Kijana wa Kongo aliandika namba hiyo kwenye daftari kwa uangalifu mkubwa, na nikagundua kwamba daftari lilikuwa lake.

Nilirudi Kawangware kwa miguu, ingawa ningeweza kupanda gari. Nilikuwa na somo la wiki sita kichwani na lilikuwa linajipanga lenyewe. Waya wa ardhi, ambao kila mwaka niliufundisha kama sheria ya kukariri, sasa ulikuwa jibu la swali ambalo mwanamke mwenye mwiko alikuwa ameniuliza. Fyuzi pia. Mita pia: nani anaishika, kwa nini inakaa pale inapokaa, stima inapitia wapi kabla na baada yake. Nilitembea nikiongea peke yangu, na mtu mmoja karibu na soko akanipisha.

Nisiseme kwamba darasa lilibadilika lote. Yule wa Lindi aliendelea kulala siku za Jumanne, na nilipomuuliza nikajua kwamba anafanya ulinzi usiku wa Jumatatu. Sikuwahi kumuuliza kabla. Wale wa muziki waligawana waya wao mpaka wiki ya nne, na mmoja wao alipoacha ilikuwa tu kwa sababu simu iliharibika. Lakini waliuliza. Waliuliza mpaka nikachoka, mpaka siku mbili nikalazimika kusema sijui, nitaangalia, nikaenda kuangalia. Walibishana wenyewe kama laini inatakiwa kuwa nene mwanzoni au mwishoni, na ubishi huo ulichukua asubuhi nzima, na nilikaa kimya kwa shida.

"Kwa nini unyamaze, ticha, na unajua?" aliuliza kijana wa Kongo.

"Nataka kuona mtafika wapi."

"Huyo amefika Naivasha na bado anaongea," akasema, akimwonyesha mbishi mmoja kwa kidole.

Siku ya mtihani mtahini alifika saa tatu, mtu wa makamo mwenye faili na koti safi, mkali kwa haki. Kazi ilikuwa kuunganisha kwenye ubao wa mbao: mahali pa mita, swichi kuu, fyuzi, taa, soketi, waya wa ardhi. Kisha yeye huweka hitilafu na mwanafunzi huitafuta. Kisha maswali ya mdomo. Kanuni ni kwamba mwalimu anakaa nyuma na hasemi kitu. Mwanafunzi mmoja hakuja kabisa, kwa hiyo walikuwa kumi na mmoja, na ningeweza kumpoteza mmoja tu.

Nilimpoteza mapema, na hakuwa niliyemtarajia. Kijana mmoja wa hapa Kawangware alikuwa na daftari safi kuliko wote, amechora kila mchoro wangu wa kile kitabu, na gereji zake na ngazi zake, kwa kalamu za rangi tatu. Ubao wake ulikuwa mzuri. Hitilafu ilipowekwa alisimama mbele yake mikono ikining'inia. Hakujua aanzie wapi, kwa sababu hitilafu haikuwa kwenye daftari. Mtahini alimpa muda wote aliostahili, kisha akaandika.

Wengine walipita mmoja mmoja. Msichana wa Kisumu Ndogo alimaliza wa tatu. Aliipata hitilafu kabla mtahini hajarudi kwenye kiti chake. Nilikuwa nahesabu kwenye vidole chini ya dawati, na nilipofika tisa alibaki kijana wa Kongo peke yake. Ubao wake ulifanya kazi. Hitilafu aliipata, kwa kelele kidogo. Ikabaki swali.

"Waya wa ardhi ni wa nini?" aliuliza mtahini.

"Ndio ukuta isiume."

Mtahini alishusha miwani. "Ukuta hauumi."

"Ya kwenu haiumi."

Mtu alicheka kando yangu. Mtahini hakucheka. "Kijana, huu ni mtihani. Jibu kifundi, au nipite."

Nilikaza midomo. Nilijua kwamba analijua jibu, na nilijua pia kwamba mdomo wake, uliomsaidia maisha yote, unaweza kumwangusha kwa sekunde moja. Alitazama ubao. Kisha akanyoosha kidole akaanza kuufuata waya wenyewe, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Sema hapa ganda limechubuka," alisema. "Stima imegusa bati. Sasa inatafuta njia ya kurudi chini. Nikiweka mkono hapa, njia ni mimi. Lakini kuna huu waya wa kijani na manjano. Huu ni njia rahisi kuliko mimi. Stima nyingi inapita huku mara moja, fyuzi haiwezi kubeba, inakatika. Laini inazima kabla mtu hajaguswa." Akahamisha kidole hadi kwenye fyuzi. "Na kama hakuna fyuzi, hii waya peke yake haitoshi. Zinafanya kazi pamoja."

Sehemu ile ya mwisho sikuwa nimemfundisha kwa maneno hayo. Mtahini alimtazama kidogo, akarudisha miwani, akaandika kwa muda mrefu kuliko kwa wengine.

Kumi.

Prinsipo alisoma orodha akiwa amesimama mlangoni, akaipitia mara ya pili kwa kidole. "Haya," alisema. "Nywele nitawatafutia kwingine." Alipofika uani akageuka. "Lakini mwalimu, kwa rejista ni kumi na tisa. Hao wengine wako wapi?"

Nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo tangu safari ya Kisumu Ndogo. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeandika X mbele ya majina ya wasiokuja, na kwangu X ilikuwa na maana moja. Sasa sikuwa na uhakika nayo tena. Niliketi kwenye meza yangu, katika chumba changu, nikampigia wa kwanza kwenye orodha, mwanafunzi wa Lindi aliyekuja wiki mbili tu akapotea. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilikosea namba mara moja.

"Niaje, nani huyo?"

"Ni mwalimu wako wa stima."

"Ticha? Kwani bado niko kwa rejista?"

"Uko."

"Nilidhani mlinifuta."

"Sijamfuta mtu. Njoo Jumatatu."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Ah, ticha, saa mbili niko kwa kazi ya mjengo. Ndio maana niliwacha."

"Unatoka saa ngapi?"

Nilisikia nyundo upande wake, na mtu akimwita. "Saa kumi," alisema. "Hivi."

"Basi njoo saa kumi na nusu."

"Kutakuwa na mtu hiyo saa?"

"Nitakuwepo," nilisema, nikavuta ratiba ya muhula mpya na kuiandika saa hiyo kwa kalamu ya wino.